Kitui na Makueni: Kaunti mbili, mto mmoja

Kitui na Makueni ni kaunti jirani zilizo kusini-mashariki mwa Kenya, katika eneo ambalo tangu jadi huitwa Ukambani. Pamoja na Machakos, kaunti hizi ndizo kitovu cha jamii ya Wakamba. Kwa sehemu kubwa mpaka baina yake ni Mto Athi: magharibi mwa mto ni Makueni, mashariki ni Kitui.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na wakazi 1,136,187, nayo Makueni ilikuwa na 987,653. Takwimu hizo zikitazamwa juu juu, mtu angedhani kaunti hizi zinalingana. Sivyo. Kitui ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, karibu sawa na nchi nzima ya Ubelgiji, ilhali Makueni ina takriban kilomita 8,000 za mraba. Ndiyo maana katika kila kilomita moja ya mraba Makueni ina watu wapatao 120, na Kitui watu 37 tu. Mwalimu, muuguzi au afisa wa kilimo anayehamishiwa Kitui huilewa hesabu hiyo siku ya kwanza, akiulizia njia ya kwenda Tseikuru au Mutha.

Kaunti ya Kitui, ambayo makao yake makuu ni mji wa Kitui, ina maeneobunge manane: Mwingi Kaskazini, Mwingi Magharibi, Mwingi ya Kati, Kitui Magharibi, Kitui Mashambani, Kitui ya Kati, Kitui Mashariki na Kitui Kusini. Makueni, ambayo makao yake ni Wote, ina sita: Mbooni, Kilome, Kaiti, Makueni, Kibwezi Magharibi na Kibwezi Mashariki.

Kwa wasomaji wengi wasiotoka huko, kaunti hizi mbili hujulikana kwa neno moja: ukame. Neno hilo hujitokeza magazetini kila mvua inapokawia, likiandamana na picha ya mama aliyebeba mtungi na ng'ombe aliyekonda. Si uongo. Lakini mtu akiishia hapo hataelewa ni vipi watu zaidi ya milioni mbili wameendelea kuishi, kulima, kusomesha watoto na hata kuuza matunda ng'ambo kutoka nchi hiyo hiyo.

Milima na nyanda

Anayeingia Makueni kutoka upande wa Machakos hukutana kwanza na milima. Mbooni, Kilungu na Kaiti ni nchi ya miinuko mikali, ukungu wa asubuhi, kahawa, mboga na mashamba madogo yaliyobanana. Kutoka hapo ardhi huteremka kuelekea Wote na Kathonzweni, kisha Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, ambako mibuyu husimama peke yake katikati ya vichaka na joto halina mzaha.

Upande wa magharibi kuna Milima ya Chyulu, iliyotokana na volkeno changa. Mvua inayonyesha juu yake haifanyi mito. Huzama katika mawe ya volkeno na kuibuka mbali chini, mahali kama Umani karibu na Kibwezi, na Mzima ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Maji ya Mzima husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Ni vyema mkazi wa Mombasa akumbuke hilo anapofungua mfereji wake: msitu wa Chyulu ukiteketea, naye atauona mkono wake.

Kitui ina sura nyingine. Kuna vilima kuuzunguka mji wa Kitui na vingine vilivyotawanyika: Mutito, Nuu, Endau, Mumoni. Juu ya vilima hivyo mvua ni ya kutosha kiasi. Chini yake nchi hunyooka kuelekea mashariki hadi mpaka wa Tana River, na kadiri mtu anavyosonga ndivyo mashamba yanavyopungua na mifugo kuongezeka. Kusini, Mutomo na Ikutha zinapakana na Mbuga ya Tsavo Mashariki, na wakulima wa huko hukesha wakilinda mashamba dhidi ya ndovu. Kando ya Athi kuna Uwanda wa Yatta, ukuta mrefu ulio bapa juu, uliofanywa na lava iliyotiririka kale ikapoa. Urefu wake unakaribia kilomita 300, na wanajiolojia huuhesabu miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya aina hiyo duniani.

Jambo moja kuhusu mvua halina budi kuelezwa. Katika sehemu nyingi za Kenya mvua kuu ni ile ya masika, kati ya Machi na Mei. Ukambani ni kinyume. Mvua inayotegemewa ni ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mkulima wa Kitui ambaye Novemba imempita bila kitu hawezi kutumaini kwamba Aprili itamfidia. Watabiri wa hali ya anga wanapotangaza kwamba vuli itakuwa hafifu, habari hiyo ambayo Nairobi husomwa na kusahauliwa, huko ni habari ya mwaka mzima.

Tangu Mbooni hadi Rabai

Masimulizi ya wazee yanasema Wakamba walipitia Nzaui kabla ya kutulia katika milima ya Mbooni. Maeneo yote mawili sasa yako Makueni. Kutoka Mbooni baadhi yao walivuka Athi wakaingia Kitui. Nchi waliyoikuta ng'ambo ya mto ilikuwa kavu zaidi, hivyo wakawa wawindaji na wafanyabiashara wa safari ndefu. Kufikia katikati ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa, na baadhi ya wasafiri hao walilowea pwani, hasa karibu na Rabai.

Ni kwa njia hiyo ya misafara ambapo mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao yake Rabai, alifika Kitui mwaka 1849. Mwenyeji wake alikuwa Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa wakati huo. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali, na jina aliloliandika alilipata kwa Wakamba, waliouita Kiinyaa. Kwa hiyo jina la jamhuri yetu lilipitia midomo ya watu wa Kitui kabla ya kuingia katika ramani.

Krapf alirudi mwaka 1851, na safari hiyo iliishia vibaya. Msafara wake na Kivui ulishambuliwa karibu na Mto Tana, Kivui akauawa, na Krapf akatangatanga peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, akayajaza katika mtutu wa bunduki na kuuziba kwa nyasi. Msomi huyo ndiye baadaye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake.

Njaa zenye majina

Wakamba huzipa njaa majina, na majina hayo hutumika kama kalenda. Mzee akiulizwa alizaliwa lini, huenda akataja njaa badala ya mwaka. Iliyotisha kuliko zote ni Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali, ya mwisho wa miaka ya 1890. Ilikuja baada ya sotoka kuangamiza ng'ombe, ikaandamana na ndui, na wakati huo huo reli ya Uganda ilikuwa ikijengwa kupitia nchi hiyo.

Jina jingine linalostahili kuelezwa ni Nikwa Ngwete, njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maana yake ni kwamba nakufa ilhali nimeshika, yaani nimeshika pesa mkononi na chakula hakipo cha kununua. Kuna vitabu vizima vya uchumi vinavyojaribu kueleza tofauti kati ya kukosa mvua na kukosa chakula. Wenyeji walilieleza jambo hilo kwa maneno mawili.

Serikali ya kikoloni iliamini kwamba nchi ya Wakamba inaharibika kwa sababu mifugo ni mingi mno. Mwaka 1938 ilipojaribu kupunguza mifugo kwa nguvu katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, maelfu ya watu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ililegeza msimamo, lakini Muindi alihamishiwa Lamu kama mfungwa wa kisiasa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, serikali hiyo ilifyeka vichaka vilivyokuwa na mbung'o huko Makueni na kuwahamishia humo watu kutoka milima iliyojaa. Sehemu kubwa ya tambarare ya Makueni tunayoijua leo ilianza hivyo.

Kilichofuata kimeandikwa katika vitabu vinavyosomwa ng'ambo kuliko hapa nyumbani. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000, na maafisa wa Kiingereza walitabiri kwamba itageuka jangwa. Kufikia mwaka 1990 watu walikuwa karibu milioni 1.4, na utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua, si kuongezeka. Sababu ilikuwa matuta. Wakulima, hasa wanawake waliojiunga katika vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya, walichimba mitaro kukingama miteremko na kuutupa udongo upande wa juu ili kufanya ukingo. Miaka ikipita, udongo hukusanyika nyuma ya ukingo na shamba likawa ngazi. Mbinu hiyo huitwa "fanya juu", na jina hilo la Kiswahili limeingia bila kutafsiriwa katika vitabu vya wataalamu wa udongo duniani. Sisi tunaopenda kulalamika kwamba Kiswahili kinakopa tu maneno ya kigeni tuna haki ya kufurahia mkopo huu uliokwenda upande wa pili.

Reli, hekalu na barabara

Makueni iko njiani, Kitui haiko. Tofauti hiyo inaeleza mengi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 iliacha vituo Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Kituo hiki cha mwisho kilipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar. Huko Kibwezi, wamisionari wa Kiskoti walianzisha kituo mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898.

Masingasinga waliofanya kazi relini waliacha kumbukumbu yao Makindu, ambako hekalu lao lililojengwa mwaka 1926 bado huwapa wasafiri chakula na malazi bila malipo na bila kuulizwa dini. Kwa dereva wa lori la masafa marefu, Makindu maana yake ni sahani ya dengu na chapati.

Reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017 imefuata njia hiyo hiyo, na ina vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Wakazi wa miji iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa wamekuwa wakilalamika kwamba mizigo ikihamia relini, hoteli na gereji zao hukosa wateja. Sehemu ya ardhi ya Malili ambako Jiji la Teknolojia la Konza lilizinduliwa mwaka 2013 imo Makueni.

Kitui ilingoja zaidi. Barabara ya Thika kwenda Garissa hupitia Mwingi, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa lami ya kutajika kaskazini mwa kaunti. Barabara ya kutoka Kibwezi hadi mji wa Kitui kupitia Ikutha na Mutomo ilitiwa lami katika miaka ya karibuni tu. Upungufu wa madaraja umegharimu maisha. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakielekea arusini lilisombwa na maji ya Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mto huo huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Siasa na utawala

Makueni ilikatwa kutoka Machakos na kufanywa wilaya mwaka 1992. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, uliofanyika chini ya Katiba ya 2010, zote mbili zikawa kaunti zenye magavana na mabunge yake.

Kitui imetoa watu wengi katika uongozi wa taifa. Kitili Mwendwa alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, mwaka 1968. Mkewe, Nyiva Mwendwa, aliingia Bungeni mwaka 1974, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini. Charity Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati tangu 1992, aliwania urais mwaka 1997, akawa Waziri wa Afya mwaka 2003, na mwaka 2017 akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana. Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru, alikuwa Makamu wa Rais kuanzia 2008 hadi 2013. Julius Malombe aliongoza kaunti kuanzia 2013 hadi 2017, akashindwa na Ngilu, kisha akachaguliwa tena mwaka 2022.

Ugatuzi wa Makueni ulianza kwa vurugu. Mzozo wa Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi kuhusu bajeti uliishia kwa ufyatulianaji wa risasi mjini Wote mnamo Septemba 2014. Wakazi waliomba kaunti ivunjwe, tume ya uchunguzi ikakubaliana nao, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Kaunti hiyo iliyokaribia kuvunjwa ndiyo baadaye ikawa mahali ambapo kaunti nyingine zilituma wajumbe kujifunza jinsi wananchi wanavyoshirikishwa kuamua miradi, kuanzia kijijini hadi makao makuu. Mpango wake wa afya ulioanza mwaka 2016, ambapo kila familia ililipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, ulizungumzwa nchini kote. Kibwana alimaliza mihula miwili mwaka 2022, na Mutula Kilonzo Junior akachaguliwa kumrithi.

Ndengu, maembe na makaa

Chakula cha asili cha nchi hii ni mtama, mawele, kunde na mbaazi, ingawa mahindi yamechukua nafasi kubwa kuliko yanavyostahili. Zao la pesa la mkulima mdogo wa Kitui ni ndengu, ambayo hukomaa upesi na kustahimili jua. Mwingi husifika kwa asali.

Makueni imejijengea jina kwa maembe na machungwa. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha uuzaji wa maembe katika nchi za Muungano wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Soko hilo lilipofunguliwa tena mwaka 2021, ilikuwa baada ya maeneo yaliyodhibitiwa nzi kutengwa, yakiwemo ya Makueni. Kaunti pia ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba, kwa kuwa embe lisilouzwa Januari halimngojei mnunuzi wa Februari.

Mavuno yakikosekana, watu hugeukia vinavyoharibu. Makaa ya Kitui huchomwa ili yapike chakula cha Nairobi, na mchanga wa mito yake hujenga maghorofa ya huko. Mwaka 2018 serikali ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti, hatua iliyozua ugomvi na wafanyabiashara kutoka Kiambu. Katika bonde la Mui kuna makaa ya mawe. Mkataba wa kuyachimba ulitiwa saini na kampuni ya Kichina mwaka 2013, lakini zaidi ya miaka 10 ilipita bila uchimbaji kuanza, na wenyeji wakakaa wakisubiri fidia wasijue kama wajenge nyumba za mawe au la.

Si wakazi wote ni Wakamba. Kaskazini mwa Mwingi wapo Watharaka, na mipaka ya mashariki hutembelewa na wafugaji wa ngamia kutoka Tana River na Garissa. Kiangazi kinapozidi, kugombania malisho na visima kumesababisha vifo vya mara kwa mara Kitui Mashariki na Mwingi. Kwa upande mwingine, Wakamba wenyewe wametapakaa. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba zaidi ya milioni 4.6 nchini, ilhali kaunti tatu za Ukambani zina wakazi wapatao milioni 3.5 tu.

Maji yaliyofichwa mchangani

Mito mingi ya Kitui hutiririka kwa saa au siku chache, kisha hukauka. Watoto na punda huchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji, na wanaojua nchi hujua kwamba maji hayo yapo. Juu ya ujuzi huo ndipo yalipobuniwa mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, nayo maji hukaa kati ya chembe zake. Jua haliyafikii, mbu hawazalii humo, na mchanga wenyewe huyachuja. Kando yake kina cha maji katika visima hupanda. Mamia ya mabwawa hayo yamejengwa Kitui na Makueni tangu miaka ya 1990, mengi kwa kazi ya mikono ya vikundi vya wenyeji waliokusanya mawe huku mashirika yakitoa saruji. Hapo ndipo biashara ya mchanga inapouma: lori linaloondoka na mchanga wa mto huondoka na tangi la maji la kijiji.

Serikali kuu imechagua njia nyingine. Mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili, ujenzi wa bwawa lenye ukuta wa zaidi ya mita 80 ulianza mwaka 2018 kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita milioni 680 za ujazo, kwa matumizi ya nyumbani Makueni, Kitui na Konza, kwa unyunyizaji na kwa umeme. Tarehe ya kukamilika imesogezwa zaidi ya mara moja.

Kuna suala ambalo ukuta hauwezi kulitatua. Mto Nairobi humwaga maji yake katika Athi, na pamoja nayo majitaka ya mitaa na viwanda vya jiji kuu. Athi huyachukua hadi Ukambani, kisha huitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Katika mto wa kawaida sehemu ya taka hiyo huenda na maji. Ndani ya bwawa itatulia, na wanaotakiwa kuyanywa maji hayo ni watu wa Makueni na Kitui.